Maili Mia Mbili na Maji ya Kunduchi

Mtu asimamapo ufukweni Kunduchi, katika wilaya ya Kinondoni, hukiona kisiwa cha Mbudya mbele yake, mwendo mfupi wa ngalawa. Kusini zaidi, mkabala wa rasi ya Msasani, kipo Bongoyo. Mwaka 1975 serikali ilivitangaza visiwa hivyo, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, kuwa maeneo tengefu. Tangazo hilo lilibaki karatasini kwa karibu miaka 20.

Ajabu ni kwamba miaka hiyo hiyo Tanzania ilikuwa ikidai bahari kwa sauti kubwa. Kanuni ya kale ya maili tatu, iliyopimwa kwa mzinga wa pwani, iliwafaa wenye meli kubwa. Nchi changa ziliikataa. Agosti 1973 Tanzania ilitangaza mamlaka yake hadi maili 50 za baharini. Yakafuata majadiliano marefu ya Umoja wa Mataifa, yaliyozaa Mkataba wa Sheria ya Bahari uliotiwa saini Montego Bay, Jamaica, mwaka 1982. Miongoni mwa waliouwakilisha upande wa Tanzania alikuwamo Joseph Warioba, ambaye mwaka 1996 alikuwa mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg. Tanzania iliuridhia mkataba mwaka 1985, na sheria ya mwaka 1989 ikaweka maili 12 za bahari ya nchi na 200 za uchumi.

Basi dola iliyoshinda hoja ya maili 200 ilishindwa kuyatawala maji ya Mbudya. Huko ilisikika baruti. Chupa iliyoshindiliwa unga wa kuvunjia mawe hutupwa penye kundi la samaki. Wachache huokotwa, wengi huzama, na matumbawe yaliyokua kwa vizazi husagika kwa dakika moja. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilikwisha kulipiga marufuku jambo hilo. Lakini marufuku huhitaji shahidi, na shahidi wa Kunduchi ni jirani wa mshtakiwa. Wanakopeshana nyavu na kuzikana. Wanasheria wa Montego Bay hawakuwa na tatizo la namna hiyo.

Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilikuja mwaka 1994, na hifadhi ya kwanza, Mafia, mwaka 1995. Visiwa vya Dar es Salaam vikapata msimamizi, na mgeni akatozwa kiingilio. Mvuvi wa dema, ambaye hakuwahi kushika baruti, akajikuta amezuiwa penye mwamba alioonyeshwa na babake, huku mtalii akiteremka hapo kuogelea. Lawama yake si ya kupuuzwa: adhabu ilimfikia kabla ya mwenye chupa.

Mwaka 2015 watafiti walipita pwani nzima ya Tanzania wakisikiliza chini ya maji. Walinasa milipuko zaidi ya 300 katika muda wa kama mwezi mmoja, mingi yake ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Mwaka huo huo kikosi cha pamoja cha vyombo vya dola kiliundwa. Kikafuata vyanzo vya baruti nchi kavu badala ya kukimbizana na ngalawa, na milipuko ikapungua sana katika miaka iliyofuata. Miaka 40 ilikuwa imepita tangu visiwa vile vitangazwe tengefu.