Leso Haikatwi Jina

Sanduku la nyanya lilikuwa na leso 17. Tulizihesabu mara tatu: mara ya kwanza mimi, mara ya pili shangazi, mara ya tatu sote pamoja, kwa sababu hesabu haikukubali. Leso huuzwa kwa doti, mbili mbili. Mwanamke aliyetunza vitu kama nyanya hangekuwa na leso mjane. Tulipofika 17 kwa mara ya tatu shangazi alinyamaza, akainuka, akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Hii ilikuwa Bamburi, upande wa Mtambo, mwaka 2019, miezi minne baada ya nyanya kufariki. Nyumba ilikuwa ivunjwe. Kwetu Mombasa kuna jambo ambalo wageni hulishangaa: mtu aweza kuwa na nyumba lakini asiwe na ardhi iliyo chini yake. Babu alijenga, akalipa kodi ya kiwanja mwaka baada ya mwaka hadi akafa. Nyanya akaendelea kulipa hadi akafa. Kisha mwenye ardhi akaitaka ardhi yake. Mabati, milango na madirisha tuligawana. Hati ya kugawana haikuwepo. Kilichobaki chenye maandishi katika nyumba nzima kilikuwa ni hilo sanduku.

"Hizi ni za sadaka," shangazi alisema aliporudi na chai. "Warithi wakiridhia, zatolewa, marehemu apate thawabu."

Nikamwambia nilitaka kuzishona. Matakia, foronya, labda pazia moja refu, kila mjukuu apate kitu cha kuweka kwake, maana sasa hatutakuwa na nyumba ya kukutania.

"Wataka kuzikata?"

"Kidogo tu, shangazi."

"Wataka watu waje wakalie maneno ya mamangu?"

Mimi ni fundi. Nina cherehani, nina wateja, nimekata vitambaa vya watu miaka mingi bila mkono kutetemeka. Lakini swali lile sikuwa na jibu lake. Niliondoka na sanduku kwa sharti moja: nisiguse mkasi mpaka turudi kuzungumza. Muda ule wa kungoja niliutumia kuuliza na kusoma leso ni kitu gani hasa, na ilitoka wapi.

Kabla ya leso, wanawake wengi wa pwani hii walijifunga nguo za rangi moja. Kulikuwa na kaniki, nguo iliyotiwa nili mpaka ikawa karibu nyeusi. Na kulikuwa na merikani, pamba nzito isiyopaushwa, iliyoletwa na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said mwaka 1833, na nguo hiyo ikaenea mpaka bara ikawa kama fedha. Pamba yake ilichumwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini, kisha ikaja huku kuvishwa watumwa wa hapa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, kati ya 1861 na 1865, viliikata njia hiyo, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Jina halikuondoka. Hadi leo ukienda dukani kutafuta pamba ghafi ya kutilia bitana, waomba amerikani.

Kisha ikaja leso. Neno lenyewe ni la Kireno, lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Inavyosimuliwa, katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa miji ya pwani walianza kununua vitambaa vya mkononi vya rangi vilivyokuja vikiwa bado vimeungana katika jora. Badala ya kukata kimoja kimoja, walichukua sita: vitatu kwa urefu, wakavikata mara mbili, wakaviunga safu mbili kwa mshono mmoja. Ikapatikana nguo moja pana ya kujifunga. Baadaye wenye maduka wakaona biashara, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima nzima, yenye pindo pande zote nne na mji katikati. Unguja wakaiita kanga, inasemekana kwa ajili ya madoadoa yaliyofanana na ya ndege kanga. Mombasa sisi tulibaki na leso.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Leso ya kwanza ilikuwa ni viraka! Ilizaliwa kwa mkasi na sindano, mikononi mwa wanawake ambao hawakuogopa kukata.

Sio hilo tu. Ukienda Biashara Street leo ukanunua doti, utapewa nguo moja iliyoungana. Lazima ikatwe katikati, kisha ipindwe ncha, ndipo ziwe leso mbili za kuvaliwa. Mafundi wamekaa na cherehani zao papo hapo nje ya maduka wakingoja kazi hiyo. Hakuna leso iliyowahi kuvaliwa bila kukatwa kwanza.

Katika mtaa huohuo ndipo lilipo duka ambalo kila mwanamke wa Mombasa analijua, la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887. Alama yake, "Mali ya Abdulla", imechapwa kwenye leso tangu enzi za mababu. Yeye ndiye hutajwa sana kuwa aliyeanza kuweka maneno kwenye leso, mapema katika karne ya 20. Mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha yakaja ya Kirumi. Maneno yale ndiyo tunayoyaita jina. Nguo ina pindo, ina mji, na ina jina, kama mtu aliye na kwao.

Miaka ile haikuwa ya kawaida. Utumwa ulifutwa rasmi kwa sheria Unguja mwaka 1897, na kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907. Mtu aliyezoea kuvishwa merikani na kaniki sasa angeweza kujinunulia nguo ya rangi, yenye maneno ya kuchagua mwenyewe. Kutoka mjini kuja Bamburi hupita Kengeleni, ilipotundikwa kengele ya Frere Town, kijiji cha wamisionari cha watumwa waliokombolewa baharini miaka ya 1870. Nimepita pale maisha yangu yote ndani ya matatu. Sikuwahi kufikiria kwamba leso niliyojitanda ina uhusiano na kengele ile.

Nilirudi kwa shangazi na hoja zangu zote. Nikamweleza habari za vitambaa sita. Nikamweleza pia habari za wanawake weusi wa Gee's Bend, kule Alabama, wajukuu na vitukuu vya watumwa wa mashamba ya pamba, ambao kwa vizazi wameshona matandiko ya viraka kwa nguo kuukuu. Mmoja wao, Missouri Pettway, baada ya kufiwa na mumewe, mwaka 1942 alichukua nguo zake za kazi akazishona tandiko ili ajifunike nazo. Matandiko ya kijiji hicho yalikuja kuonyeshwa kwenye majumba ya makumbusho, kuanzia Houston mwaka 2002.

Shangazi alisikiza yote. "Suruali haisemi," akajibu. "Leso yasema."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatukuwa tukibishania mkasi.

Leso yasema kweli. Humpokea mtoto anapozaliwa, humbeba mgongoni, hufunikia maiti. Lakini pia hugombana. Mwanamke asiyeweza kumjibu wifi yake mdomoni hununua jina akalivaa akapita nalo mlangoni kwake mara tatu. Wawili wakivaa doti moja, kila mtu na kipande chake, mtaa mzima wajua kuwa wapatana. Kwa hivyo sanduku la nyanya lilikuwa ni mazungumzo yake ya miaka 50, na mimi nilitaka kuyageuza mapambo bila kujua alikuwa akisema na nani.

Tukazitandaza mkekani, shangazi akaanza kunisomea. Kisutu ya harusi yake, nyekundu, nyeupe na nyeusi, imefifia kama chai ya maziwa. Doti moja ya mamake nyanya, jina kwa herufi za Kiarabu. Mimi sikuweza kulisoma, shangazi alilisoma mara moja kama anayesoma barua. Nyingine zilichapwa Eldoret, enzi za Rivatex, nyingine zilitoka Urafiki, Dar es Salaam, zilizoletwa na ndugu. Za mwisho mwisho zilikuwa za India. Ukizipanga zilivyofuatana waona biashara ya Afrika Mashariki ikipita juu ya mkeka.

Ile mjane tuliifikia mwisho. Ilikuwa ya samawati na nyeusi. Jina lake: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Hino mwenzake ninayo mimi," shangazi alisema.

Mwaka 1978 shangazi aliolewa na mtu ambaye nyanya hakumtaka. Hakuna ugomvi uliosikika. Siku ya saba baada ya harusi kikaja kifurushi, na ndani yake leso moja tu. Nyanya alikata doti, kipande kimoja akajifunga mwenyewe, kingine akampelekea bintiye. Mtaa uliona mama na mwana wamevaa sare, ukasema mashallah, wanapendana. Waliojua kusoma wakaelewa. Shangazi na mamake hawakusemezana miaka miwili, mpaka alipojifungua.

"Basi ulifanyaje nayo?"

"Nngefanyaje? Sikuwa na nguo. Nlimbebea mtoto."

Alikwenda chumbani akaileta. Sikuweza kuitambua kuwa ni pacha wa ile nyingine. Alimbebea wa kwanza, akambebea wa pili na wa tatu. Ilifuliwa, ikaanikwa juani, ikafuliwa tena, hata ilipokuwa pale kwenye jina pamebaki weupe, huoni ila kivuli cha herufi mbili tatu. Ya nyanya ilikuwa bado yang'aa. Nyanya hakuivaa tena baada ya yule mtoto kuzaliwa. Aliikunja akaiweka chini kabisa ya sanduku, wala hakumpa mtu.

Tukakubaliana kanuni, na nyingine kazi yenyewe ikatufunza. Leso haikatwi jina. Mkasi wapita kwenye mji na kwenye pindo, lakini maneno hubaki mazima. Kanuni hiyo iliamua umbo la kila kitu. Jina refu kuliko yote lilikuwa na sentimita 58, kwa hivyo matakia yangu yalitoka marefu, si ya mraba kama ya dukani, na maneno yakaa upande wa mbele, si mahali pa kukaliwa. Kitambaa kikuukuu hakivumilii kuvutwa, kwa hivyo kila kipande nilikitilia bitana ya amerikani, niliyoifua kwanza ili isije ikarudi baadaye. Nikapiga bandi kwa mkono kabla ya kupitisha cherehani. Nilizifua leso kwa maji baridi na sabuni kidogo, nikazianika kivulini. Ndani ya matakia nilitia sufi, si sponji, kwa sababu nyanya alilalia mto wa sufi maisha yake yote. Doti ya herufi za Kiarabu hatukuigusa. Ilizungushiwa amerikani, ikarudi sandukuni. Mbili shangazi alizitoa sadaka, nami sikupinga.

Ikabaki ile ya samawati na mwenzake. Nilidhani atataka nizifiche. Akaniuliza kama zaweza kuungwa tena pale zilipokatwa.

Nikafumua pindo la pande zote mbili, lile alilolipinda nyanya mwenyewe mwaka 1978 kwa mkono, mshono mdogo mdogo kama punje za mchele. Nikaziunga. Mshono haukulala sawa, kwa sababu moja imechakaa na kujikaza, nyingine bado ina urefu wake wa dukani. Ilibidi niikusanye hiyo nzima kidogo kidogo ili imfuate mwenzake.

Sasa ni pazia la mlango katika nyumba ya kupanga ya shangazi, Kiembeni. Upande mmoja wasomeka, upande wa pili hausomeki. Mwanawe wa kwanza, yule aliyebebwa, alikuja Idi akasimama kulitazama. Akauliza huku pengine paliandikwa nini.

"Maneno yaleyale," shangazi akamwambia. "Wewe ndiwe uliyeyafuta."