Itifaki si vyeo: funzo kutoka kwa kompyuta

"Itifaki imezingatiwa." Ni nadra kuhudhuria hafla hapa Kenya bila kuisikia kauli hii. Msemaji huitamka ili asije akataja vyeo vya wageni mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana mwanafunzi akikutana na 'itifaki za mtandao' kitabuni hushangaa: ati hata kompyuta zina waheshimiwa?

Hebu turejelee asili. Itifaki ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya msingi ni makubaliano. Historia ya mitandao inaidhihirisha maana hii kuliko hafla zetu.

Mnamo 1971, Norman Abramson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kutumia redio kuwasiliana na kompyuta kutoka visiwa mbalimbali. Masafa yalikuwa ya wote. Wawili wakituma kwa wakati mmoja, jumbe ziligongana zikaharibika. Basi aliyekosa jibu kwamba ujumbe wake umefika alingoja kitambo cha kubahatisha, kisha akautuma upya.

Mei 22, 1973, Robert Metcalfe, mtafiti wa Xerox mjini Palo Alto, California, aliandika waraka uliozaa Etheneti. Akishirikiana na David Boggs, aliunganisha kompyuta za jengo moja kwa waya mmoja. Waliongeza adabu mbili. Kwanza, kabla ya kutuma, sikiliza kama waya uko kimya. Pili, ukigundua mwenzako naye ametuma, nyamazeni nyote wawili. Kila mmoja angoje muda wake, kisha ajaribu tena.

Hapakuwa na mwenyekiti wa kugawa zamu, wala kompyuta iliyotangulizwa kwa sababu ya ukubwa wake. Mnamo 1980, kampuni za Digital, Intel na Xerox zilichapisha kanuni hizo kwa pamoja, ili mashine za watengenezaji tofauti zielewane. Siku hizi swichi zimeondoa sehemu kubwa ya migongano nyayani, lakini Wi-Fi ya nyumbani kwako bado husikiliza kabla ya kutuma.

Kwa hivyo, aliyeteua 'itifaki' kuwa istilahi ya kompyuta hakupotoka. Sisi wa majukwaani ndio tuliolibana neno likabaki na vyeo tu. Mwalimu na aanze na makubaliano, vyeo vifuate. Nasi tunaotangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha tukakatizana maneno mkutano mzima, tujiulize tumezingatia nini hasa.