Kuongeza matiti kwa upasuaji: ganzi ikiingia, hisia zinarudi?



Leo naleta mada ambayo sisi kina dada tunaizungumza kwa sauti ya chini. Juzi nilikuwa nasukwa saluni pale Mlandege, dada mmoja akawa anatuonyesha picha kwenye simu yake, matiti kabla na baada ya upasuaji. Kila mtu mashallah, mashallah. Mama mmoja mtu mzima akauliza swali moja tu: "Na ukiyagusa, mwenyewe unahisi?" Saluni nzima kimya.

Hata mie sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Mie si daktari, nimemaliza fomu foo tu, lakini kusoma naweza, na nilichokipata nakiweka hapa ili mwenye nia ajue kabla, sio baada.

UPASUAJI WENYEWE UKOJE

Daktari anapasua sehemu mojawapo kati ya hizi tatu: kwenye mkunjo wa chini ya titi, kwenye ukingo wa duara jeusi linalozunguka chuchu, au kwapani. Kisha anatengeneza nafasi nyuma ya titi, au ndani zaidi chini ya msuli wa kifua, na kutia kifuko cha silikoni chenye jeli au maji ya chumvi.

Si jambo jipya duniani. Mwanamke wa kwanza kutiwa vifuko vya jeli ya silikoni ni Timmie Jean Lindsey, huko Houston, Marekani, mwaka 1962. Kwetu ndo jipya. Zamani mtu alisikia India au Dubai, ila mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili kule Mloganzila ilianza huduma ya upasuaji wa urembo na kurekebisha maumbile. Kwa hiyo kwa mtu wa Unguja siku hizi ni kupanda boti tu pale bandarini Malindi.

HISIA ZINAPOTEA VIPI

Chuchu inahisi kwa sababu ya mishipa midogo ya fahamu inayotokea katikati ya mbavu. Ule unaofanya kazi kubwa ni tawi la mshipa wa nne, ukisaidiwa na wa tatu na wa tano. Huo wa nne unatokea ubavuni, mara nyingi unatambaa juu ya msuli wa kifua, halafu ndo unapanda mpaka kwenye chuchu. Sasa njia yake ni palepale daktari anapofungua nafasi ya kifuko.

Mshipa unaweza kupatwa na mambo matatu:

1. Kuvutwa au kubanwa na uvimbe. Hii ndo inayotokea zaidi. Titi linakuwa na ganzi, halafu hisia zinarudi kidogo kidogo, wiki hadi miezi kadhaa.
2. Kuumia ndani bila kukatika kabisa. Mshipa unajiotesha upya taratibu mno, kiasi cha milimita 1 kwa siku. Wakati huo mtu anasikia vichomi, kuwashwa, au kama shoti ya umeme. Vinakera, lakini mara nyingi ni dalili kuwa mshipa unarudi.
3. Kukatwa. Hapo ganzi inaweza kubaki maisha.

Madaktari huwa wanangoja mwaka mmoja mpaka miwili. Ganzi iliyobaki baada ya hapo, uwezekano wa kuondoka ni mdogo sana.

Na wapo wanaopata kinyume chake: chuchu inakuwa kali kupita kiasi, hata kanga ikigusa inauma.

NANI YUPO HATARINI ZAIDI

Ukubwa wa kifuko una mchango mkubwa. Kifuko kikubwa kwenye kifua kidogo kinataka nafasi pana hadi ubavuni, na kinaivuta mishipa kila siku. Wengi wanaogopa mpasuo wa kwenye chuchu peke yake, lakini kuna tafiti zilizolinganisha mpasuo huo na wa chini ya titi zisione tofauti kubwa. Mpasuo wa kwapani nao unaweza kuacha ganzi upande wa ndani wa mkono.

Jengine ni kurudia upasuaji. Vifuko hivi si vya maisha. Mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa (FDA) inasema hivyo waziwazi, na mwaka 2021 iliagiza kila anayetaka kuviweka apitie kwanza orodha ya hatari na daktari wake. Mabadiliko ya hisia za titi na chuchu ni miongoni mwa madhara wanayoyataja. Kila kisu kikirudi, mishipa inajaribiwa upya.

KWANI GANZI INA UBAYA GANI?

Kunyonyesha. Mtoto akinyonya, mishipa ya chuchu inapeleka habari kwenye ubongo, ubongo ndo unaamrisha maziwa yatengenezwe na yashuke. Mishipa ikikatika, habari haifiki vizuri. Wengi wenye vifuko wananyonyesha, ila wengine maziwa yanakuwa machache. Kwetu sisi tuliosoma chuoni kuwa kunyonyesha kamili ni miaka miwili, mtu ambaye hajazaa alifikirie hili mara mbili.

Maji ya moto. Hili kwenye kurasa za Wazungu sikulikuta likisemwa kwa mila yetu, lakini nikiwaza nyumbani kwetu naliona. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto, na titi likijaa maziwa linakandwa kwa kitambaa cha moto. Mkandaji anategemea wewe useme "basi, yanaunguza". Ngozi yenye ganzi haisemi. Wanawake wenye ganzi ya matiti wameshaungua kwa chupa za maji ya moto bila kujua. Kama umefanyiwa, mwambie mkandaji wako, hata kama unaona haya, na maji uyapime kwa kiwiko kwanza.

Ndoa. Hapa sina haja ya kurefusha, watu wazima wanaelewa. Picha ya saluni inaonyesha anachokiona mume, haionyeshi anachokihisi mke.

MASWALI YA KUMUULIZA DAKTARI

- Kwa kifua changu, kifuko cha ukubwa gani kitaniachia hisia?
- Utapasua wapi, na nafasi utaifungua mpaka wapi?
- Wagonjwa wako wangapi wamebaki na ganzi baada ya mwaka?
- Nikitaka kunyonyesha baadaye, unanishauri nini?
- Tatizo likitokea nimesharudi Unguja, nitamwona nani?

Akikwambia "hakuna tatizo lolote", tafuta daktari mwengine.

KAMA UMESHAFANYA NA UNA GANZI

Usikate tamaa mapema, miezi ya mwanzo ganzi ni kawaida. Daktari akikuruhusu, pitisha kitambaa laini kisha chenye kukwaruza kidogo kila siku, ubongo unajifunza tena kutambua. Ila titi moja likivimba ghafla, likiwa jekundu, likitoa usaha au ukapata homa, usingojee lijiponye. Nenda hospitali, Mnazi Mmoja ipo hapahapa mjini, na waeleze wazi kuwa una vifuko. Ukiwaficha watahangaika kutafuta ugonjwa usio wako.

Mas-ala ya halali na haramu nawaachia masheikh. Mie nilitaka tu kumjibu yule mama wa saluni: wengine wanahisi, wengine hawahisi tena, na hakuna daktari anayeweza kukuahidi kabla utakuwa wa upande gani.

Wadau, hasa manesi na wakunga mnaopita hapa, nikosoeni nilipokosea. Na kama kuna dada ameyapitia, aandike bila jina, tupo wengi tunaotaka kujua. Wale wa matusi leo pumzikeni.