Gazeti Dogo la Bhopal

Watu wengi wakitajiwa Bhopal hukumbuka usiku mmoja tu, ule wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, ambapo tani zipatazo 40 za gesi ya sumu zilitoka katika kiwanda cha dawa za kuulia wadudu cha Union Carbide na kuua watu kwa maelfu. Mimi kila nisomapo habari zile, fikra zangu hurudi nyuma miaka miwili na ushei, kwa mwandishi mmoja aliyeyasema hayo kabla hayajatokea.

Mwandishi huyo ni Rajkumar Keswani, mwenyeji wa mji huo wa India, aliyekuwa na kijigazeti chake cha wiki cha lugha ya Kihindi, Rapat. Mnamo Desemba 1981 rafiki yake aliyefanya kazi kiwandani alimwagikiwa na fosjini, akafa. Keswani hakuwa mkemia. Alianza kuuliza na kubukua vitabu, akajua kwamba fosjini ilitumiwa kuulia askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Na kwamba gesi hiyo, pamoja na nyingine iliyotengenezwa pale, methili aisosayaneti, ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hazipai, bali hutambaa chini. Na huko chini, mkabala na ukuta wa kiwanda, maskini walikuwa wamejijengea vibanda vyao. Wafanyakazi walimwambia ya ndani. Akapata hata taarifa ya wakaguzi waliotoka Marekani Mei 1982, iliyotaja kasoro nyingi za usalama.

Septemba 1982 akaandika akisihi mji uokolewe. Mwezi uliofuata akaandika kwamba Bhopal imekaa kwenye mdomo wa volkano. Suala la kiwanda likafika katika baraza la kutunga sheria la jimbo, na mwezi wa Desemba waziri wa kazi akajibu kwamba hapana hatari, tena kiwanda si jiwe dogo la kuokotwa hapa na kuwekwa kule. Jibu hilo limenifikirisha sana. Ikiwa kweli hapana hatari, habari ya jiwe ilihitajiwa ya nini? Nionavyo mimi, waziri alikuwa amekwisha kupima uzito wa mali iliyowekezwa na uzito wa wale wa vibandani.

Juni 1984 Keswani aliandika tena, safari hii katika Jansatta, gazeti kubwa zaidi. Hakuna kilichofanyika. Kumbe mauzo ya dawa yalikuwa yameshuka na gharama zilikuwa zikipunguzwa: mtambo wa kupoza tangi la gesi ulikwisha zimwa, na mnara wa kuiteketeza gesi inapovuja haukuwa ukifanya kazi. Maji yakaingia katika tangi, yaliyobaki dunia inayajua.

Mwaka 1985 Keswani alipewa tuzo ya uandishi, tuzo ambayo bila shaka angependa asiistahili. Mwaka 1989 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 470, zikagawanywa kwa watu wengi mno hata aghalabu mtu aliambulia kidogo. Keswani alifariki Mei 2021. Tani 337 za takataka za sumu zilizohifadhiwa pale kiwandani hazikuondolewa mpaka Januari 2025, zikapakiwa katika malori usiku, nao wakazi wa Pithampur, zilikopelekwa kuchomwa, wakaingia barabarani kuzikataa.