Dawa ya maumivu ya goti inapimwaje? Kisa cha Vioxx

Wadau, goti likishasagika kabisa, daktari hukata ncha za mifupa iliyoharibika na kuweka goti la bandia la chuma na plastiki. Wakati wa operesheni husikii kitu, kasheshe ni siku zinazofuata. Maumivu ni makali, na huku mgonjwa anatakiwa akunje goti na kutembea mapema, la sivyo linakakamaa. Ndiyo maana watafiti wanahangaika kutafuta dawa nzuri.

Wanapimaje? Wagonjwa wanagawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja linapewa dawa, lingine kidonge kitupu kinachofanana nayo. Mgonjwa hajui kapewa kipi na anayempima hajui, maana ukijua umepewa dawa unaweza kujisikia nafuu kwa kuamini tu. Hakuna anayeachwa ateseke, wote wanapata dawa za kawaida za jamii ya mofini. Kisha yanaangaliwa mambo matatu: mgonjwa anataja maumivu yake kuanzia 0 hadi 10, ametumia mofini kiasi gani, na goti linakunjika nyuzi ngapi.

Mwaka 2003 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha jaribio la namna hiyo kutoka Chicago. Wagonjwa 70, dawa ni rofekoksibu, yaani ile Vioxx ya kampuni ya Merck, iliyoanza kutolewa kabla ya operesheni na kuendelea baadaye. Matokeo yalikuwa mazuri: maumivu yalipungua, kutapika kulipungua, goti lilikunjika vizuri zaidi.

Sasa sikia. Tarehe 30 Septemba 2004 Merck wenyewe waliitoa Vioxx sokoni dunia nzima. Jaribio lingine, la watu zaidi ya 2,500 waliokuwa na historia ya vivimbe kwenye utumbo mpana, lilionyesha kwamba baada ya miezi 18 walioimeza walipata mshtuko wa moyo na kiharusi karibu mara mbili ya wenzao wa kidonge kitupu. Mwaka 2007 Merck walikubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza kesi huko Marekani.

Je, jaribio la Chicago lilikuwa la uongo? Hapana. Liliuliza habari za goti, likajibiwa habari za goti. Balaa linalowapata wachache kati ya mia baada ya mwaka na nusu huwezi kuliona kwa watu 70 na wiki chache.

Kwa hiyo mtu akikwambia dawa "imethibitishwa", muulize: kwa watu wangapi, kwa muda gani, na ikilinganishwa na nini? Diklofenaki tunayonunua duka la dawa kama pipi ni ndugu wa Vioxx. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walionya kwamba nayo ni hatari kwa moyo, hasa dozi kubwa kwa muda mrefu. Wenye mzee wa presha nyumbani anayelalamika magoti, mmeshamuuliza anameza ngapi kwa siku, na daktari wake anajua?