Joto Lililovuka Mto Thames

Oktoba 2022 kituo cha zamani cha umeme cha Battersea, jijini London, kilifunguliwa upya kikiwa na maduka, ofisi na nyumba za bei kali. Dohani zake nne zilikuwa zimejengwa upya zifanane na za awali, na mojawapo ina lifti ya kupandishia watalii. Ng'ambo ya mto, mtaani Pimlico, umesimama mnara wa vioo ambao watalii hao huupa kisogo. Kwangu mimi, habari kubwa ya Battersea imo humo.

Mpango wa kituo ulipotangazwa mwaka 1927, ulizuka ugomvi wa miaka. Wenyeji waliogopa kwamba moshi wenye salfa ungekula mawe ya majumba ya kale na kuharibu michoro iliyotundikwa Tate, jumba la sanaa lililo kando ya mto huohuo. Barua za malalamiko zilifika magazetini, suala likafika Bungeni, na mwishowe kampuni ikatakiwa iuoshe moshi kabla ya kuutoa. Basi ukawa unanyunyiziwa maji ya Thames, salfa nyingi ikabaki majini, na maji hayo yakamwagwa mtoni. Hata huo moshi uliooshwa ulileta kero yake: ulikuwa umepoa, haukupaa sana, ukashuka karibu.

Lakini kituo kilikuwa kikitupa kitu kingine, wala hakuna aliyekigombania. Mvuke uliokwisha kuzungusha turbaini ulipoozwa kwa maji ya mto, nayo yakarudi mtoni yakiwa vuguvugu. Zaidi ya nusu ya joto la makaa yote yaliyochomwa iliishia huko. Moshi huonekana na hukereketa koo. Vuguvugu la mtoni halikuwa na wa kulisemea.

Vita vikaja. Pimlico ikapigwa mabomu, na halmashauri ya Westminster ikashindanisha wasanifu ili ijenge upya. Washindi, Philip Powell na Hidalgo Moya, walikuwa vijana wasiofika hata miaka 30. Kisha majira ya baridi ya 1947 makaa yakaadimika Uingereza, viwanda vikafungwa, umeme ukakatwa majumbani. Katika hali hiyo, kumwaga joto mtoni mbele ya mtaa mpya wenye baridi kungekuwa jambo la aibu. Sehemu ya mvuke wa Battersea ikaelekezwa kupasha maji, mabomba yakapitishwa chini ya Thames, na mwaka 1950 joto likaanza kufika kwenye maghorofa ya mtaa huo mpya, Churchill Gardens.

Ugumu ulikuwa kwenye saa. Turbaini hufuata mahitaji ya umeme ya jiji, ilhali mama wa ghorofa ya saba anataka maji ya moto alfajiri. Ndipo mnara ulipohitajika. Ndani ya vile vioo mna tangi lenye kimo cha karibu mita 40, linalobeba zaidi ya lita milioni 2: chupa ya chai ya mtaa mzima. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu. Yaliyopoa yakirudi kutoka majumbani hukaa chini, na kati yake hapana ukuta. Umeme ukizalishwa kwa wingi, tabaka la moto hushuka na kunenepa. Watu wakioga, hupungua.

Desemba 1952 ukungu wa moshi ulipoua maelfu ya watu London, wakazi wa maghorofa hayo hawakuwa na haja ya kuwasha makaa. Joto lao lilikuja kwa bomba.

Denmark ilitunga sheria ya kusambaza joto kwa mabomba mwaka 1979. Uingereza, iliyokuwa na mfano hai katikati ya mji mkuu wake, haikuufuata kwa upana huo, na Battersea ilipozimwa mwaka 1983 Pimlico ilibaki na boila zake yenyewe. Mwaka 1998 mnara ukaingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa. Kinachoniuma ni kwamba orodha hulinda vioo na chuma. Haiulizi maji ya ndani yamepashwa na nini. Tangi bado linafanya kazi, linahudumia nyumba zaidi ya 3,000, na joto lake sasa hutokana na gesi inayochomwa palepale Pimlico.