Karo ya Hesabu: Nani Aliwasomesha Watoto wa Ediofe na Koboko

Mwaka 1914 West Nile ilipotolewa Sudan na kuwekwa chini ya Uganda, serikali ya kikoloni haikuja na madawati. Ilitaka mikono: vijana wa Arua na Koboko waliingizwa jeshini au wakaenda kukata miwa Kakira na Lugazi. Elimu iliachiwa wamisionari. Kwa Wakatoliki mlango wake ulikuwa Ediofe, kituo cha mapadre wa Comboni kando ya mji wa Arua, ambacho mwaka 1958 kilifanywa makao ya jimbo jipya la Kanisa. Mtoto mwenye kichwa cha hesabu ila hana karo alimtegemea padre, au tumbaku.

Katika nyumba nyingi za Walugbara na Wakakwa, tumbaku ndiyo iliyokuwa basari. Watoto walifunga majani kwenye vijiti, wazazi wakakesha wakichochea moto wa banda la kukaushia, kisha jamaa wote wakamngoja mnunuzi ayapange majani kwa daraja. Daraja likishuka, kuna mtoto aliyebaki nyumbani, mara nyingi msichana.

Vita vikaja kuvunja hata kidogo kilichokuwapo. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, penye shule ya sekondari ya St Joseph's, waliuawa na wanajeshi. Watu wengi wa eneo hili walikuwa tayari wakimbizi Zaire na Sudan.

Serikali ya Uganda ilipoelekeza sehemu kubwa ya ufadhili wa vyuo vikuu kwenye sayansi, mwaka 2005, ilianzisha pia mgao wa wilaya. Katika nafasi 4,000 za kila mwaka, 896 zilitengewa wilaya kwa kuzingatia idadi ya watu wake. Mwaka huohuo Koboko ilikatwa kutoka Arua ikawa wilaya kamili, kwa hiyo ikapata fungu lake yenyewe. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na nalisifu. Lakini mgao humfikia aliyekwisha kufaulu hesabu kidato cha sita, na kufika hapo kunataka mwalimu, vitabu na karo ya miaka sita ya sekondari. Kwa kompyuta kunataka pia umeme, na West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa kwa miongo. Bwawa la Nyagak lilianza kuzalisha umeme mwaka 2012 tu.

Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa Arua mwaka 2013 chini ya Profesa Christine Dranzoa, kilileta masomo ya teknolojia ya habari karibu na nyumbani. Mwaka uliofuata serikali ilianza kutoa mikopo ya elimu ya juu, sayansi ikitangulia. Mkopo huo hulipa ada ya chuo, lakini chakula, chumba na kompyuta ni juu ya mwanafunzi, na hapo ndipo mtoto wa maskini hukwama.

Ajabu ni kwamba mfano bora upo jirani. Ufadhili wa DAFI kwa wakimbizi, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani na kupewa jina la Albert Einstein, hulipa ada pamoja na chakula, malazi na nauli. Vijana wa Sudan Kusini walioko kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi wanaweza kuuomba. Mwenyeji aliyewapa wazazi wao ardhi ya kulima hana mfuko kama huo wa kumsomesha bintiye hesabu.